Mfululizo unaokwama kwenye lenzi ndefu: sikiliza shata kabla hujalaumu lenzi

Korongo-nyangumi wa kinamasi cha Mabamba, Uganda, anaweza kusimama katikati ya mafunjo dakika 40 bila kugeuza hata shingo. Wageni huchoka, wakaanza kuulizana habari za chai. Kisha ghafla anajitupa mbele mzimamzima, mabawa yamefunguka, mdomo umezama majini, na kabla hujashusha pumzi ameshainuka na kamongo anayejipindapinda.

Jumapili moja nilikuwa tayari. Kidole kilikuwa juu ya kitufe tangu mtumbwi uliposimama. Nilibonyeza alipoanza kuinama, sikuachia mpaka alipoinuka. Nilipoangalia skrini ya nyuma ya kamera nilikuta picha nne: ndege amesimama, ndege ameinamisha kichwa kidogo, povu la maji na majani, ndege amesimama na samaki mdomoni. Tendo lenyewe halimo. Na kamera yangu ni Canon 7D Mark II, inayopiga picha 10 kwa sekunde. Mzee wa mtumbwi aliniuliza kwa upole, "Umempata, mwanangu?" Nilishindwa kumjibu.

Siku ile nililaumu lenzi. Ni ya milimita 150-600, ya kampuni isiyotengeneza kamera yangu, nimeinunua mkononi mwa mtu, na nilikuwa nimebakiza kidogo tu kuitangaza iuzwe. Bado ninayo hadi leo, na kazi inafanya. Naandika haya kwa sababu wenzangu tunaoongoza wageni, kuanzia Kasese hadi Murchison, huniuliza swali lilelile, na mara nyingi kwa Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha tunayokutana nayo kazini (mimi mwenyewe nimekulia nayo kambini Jinja, baba akiwa askari): "Dada, mbona kamera yangu inakohoa nikifunga lenzi ndefu?"

Funga macho usikilize

Weka kamera kwenye mfululizo wa kasi ya juu (hali ya kupiga picha nyingi ukishikilia kitufe), elekeza nje kwenye mwanga, bonyeza sekunde tano bila kuachia. Usiangalie kitu. Sikiliza.

Ukisikia mpigo wa polepole tangu picha ya kwanza, lakini ulio sawa, kama mtu anayetwanga peke yake kinuni, basi kuna kitu kimeiamuru kamera iende pole. Ni mpangilio, au mwanga, au betri.

Ukisikia inaanza kwa kasi nzuri, sekunde mbili tatu, kisha inakatika na kuanza kudondosha picha mojamoja, hiyo ni bafa, ghala la muda la picha ndani ya kamera, imejaa na kadi haiwezi kumeza. Lenzi haihusiki kabisa. Ukibadilisha lenzi hapo utakuwa umetupa pesa.

Ukisikia haina mpigo, yaani tatu za haraka, kimya, moja, kimya, mbili, basi kamera inasubiri fokasi, yaani ukali wa picha ukae. Hapo ndipo lenzi ndefu inapoingia kwenye kesi.

Karibu kila tatizo nililoletewa linaingia kwenye moja ya sauti hizo tatu. Wengine wanakuwa na mbili kwa pamoja, kama nilivyokuwa mimi, ndiyo maana sikio peke yake halitoshi. Pima.

Kupima kwa saa ya simu

Hiki ni kipimo ninachokifanya uani nyumbani Entebbe, na mwanangu aliye P6 (darasa la sita) ndiye msaidizi. Fungua saa ya kuhesabu sekunde kwenye simu, iegemeze kwenye kiti kivulini, rudi nyuma mita nne hivi. Lenzi za 150-600 hazikamati fokasi kwa karibu sana, kwa hiyo usisogee zaidi ya hapo. Weka kamera kwenye M (unapanga kila kitu mwenyewe), shata, yaani pazia la kupitisha mwanga, 1/1000 ya sekunde, tundu la lenzi wazi kabisa, na swichi ya fokasi uipeleke kwenye mkono. Kaza fokasi mwenyewe mpaka tarakimu zisomeke. Anzisha saa, bonyeza sekunde nne, achia.

Sasa fungua picha ya kwanza usome saa, kisha picha ya kumi na moja. Ikiwa ya kwanza inasema 3.20 na ya kumi na moja inasema 4.20, una picha 10 kwa sekunde. Hesabu nafasi kati ya picha, wala si picha zenyewe; kutoka ya kwanza hadi ya kumi na moja kuna nafasi kumi. Mwanangu alikosea hapo mara mbili tukajikuta tuna kamera ya kasi kuliko ilivyoahidiwa. Tarakimu ya mwisho inaweza kuonekana imepandana, na huenda mstari mweusi ukaikata skrini ya simu. Usihangaike nayo, ni namna skrini inavyowaka.

Rudia kipimo hicho mara nne, ukibadilisha jambo moja tu kila mara. Kwanza kwa lenzi fupi. Pili kwa lenzi ndefu, fokasi ya mkono, kizuia mtikisiko kimezimwa. Tatu kwa lenzi ndefu, fokasi ya kujiendesha imewashwa. Nne washa na kizuia mtikisiko. Mwisho wa yote, piga kwa mpangilio uleule uliokuangusha siku ile, bila kugusa kitu.

Yangu yalitoka hivi: lenzi fupi, 10. Lenzi ndefu kwa fokasi ya mkono, karibu 10 vilevile. Kwa fokasi ya kujiendesha pale kivulini, 7 na kitu. Kizuia mtikisiko hakikubadilisha. Nilipourudisha mpangilio wa Jumapili: 4, sawasawa, bila kupungua wala kuongezeka. Nilikaa chini pale uani. Nne ni namba ninayoijua. Ndiyo kasi ya mfululizo wa kimya kwenye 7D Mark II. Jumamosi nilikuwa nimepiga harusi kanisani, nikaweka shata ya kimya ili nisiwasumbue watu wakati wa sala, nikalala, nikaamka saa kumi usiku kuwahi Mabamba, na lile S dogo pembeni ya alama ya mfululizo sikuliona gizani.

Polepole tangu mwanzo

Anza basi na hiyo alama. Kamera nyingi zina mfululizo wa chini ulioandikwa L, wa juu ulioandikwa H, na nyingine zina H+. Kwenye Canon, S pembeni ni kimya. Nikon nyingi huandika Qc. Kwenye kamera zenye kioo cha ndani kinachoruka kila picha (DSLR), kimya maana yake kioo kinashushwa taratibu, na utaratibu huo unaulipia kwa kasi.

Baada ya hapo tazama kasi ya shata, na hapa naomba tusiharakishe, kwa sababu ndipo watu wengi wanapoishitaki lenzi isiyo na hatia. Shata ikikaa wazi 1/8 ya sekunde, huwezi kupata picha 10 kwa sekunde hata kwa dawa; hesabu haikubali. Hata 1/50 inakula muda, maana baada ya shata kufunga, kioo lazima kirudi, fokasi ikague, kioo kiruke tena. Lenzi fupi nzuri inafunguka f/2.8 (namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Lenzi yangu kwenye 600 inafunguka f/6.3, ikipitisha kama moja ya tano tu ya mwanga huo. Kwa hiyo saa moja asubuhi, ukungu bado umelala juu ya maji, mtu ameweka kamera kwenye Av (yeye anachagua tundu, kamera inachagua shata) na ISO, yaani wepesi wa kuhisi mwanga, 400, kamera inajichagulia 1/50 au chini yake bila kumwambia. Mfululizo unazubaa. Anarudisha lenzi fupi, mwanga unaongezeka, shata inapanda, kamera inachangamka, naye anaapa mbele ya watu kwamba lenzi ndefu ni mbovu. Lenzi haina ubovu wowote. Ni giza tu imeleta.

Dawa yake ni kuacha Av alfajiri. Weka M, shata 1/1000 kwa ndege aliyesimama lakini anaweza kurusha mwili wakati wowote, 1/2000 kwa anayeruka kama mdiria au keremkerem, tundu wazi kabisa, halafu iachie ISO ipande yenyewe. Chengachenga za ISO 3200 zinasafishika nyumbani. Picha ambayo haikupigwa haina pa kusafishwa.

Kwa wenye Nikon zenye kioo, jambo moja la kupima kwa saa ya simu: vitabu vya kamera hizo husema wazi kwamba kasi inaweza kushuka ISO ya kujiendesha ikiwa imewashwa, VR (kizuia mtikisiko cha Nikon) ikiwa imewashwa, tundu likiwa dogo sana au betri ikiwa imepungua. Kama kamera yako inapoteza picha moja au mbili kwa ajili ya ISO ya kujiendesha, wewe ndiye wa kuamua. Mimi ningeikubali hasara hiyo asubuhi ya mawingu, na kwenye jua kali la mchana ningeweka ISO kwa mkono.

Kuhusu tundu: kila picha ukiwa f/11, vile visu vidogo ndani ya lenzi lazima vifunge na kufunguka tena. Ukiwa wazi kabisa havisogei. Kwa hiyo ukiwa na shaka, fungua tundu lote upime tena. Kwenye Sony a9 kuna la ziada: ukilifunga tundu kupita kiasi kwenye mfululizo, kamera huacha kufuata fokasi na kubaki na ile ya picha ya kwanza.

Betri ni jambo fupi lakini usiliruke. Betri iliyobaki robo, iliyozeeka, au ya bei poa isiyo ya kampuni, inaweza kupunguza kasi bila onyo lolote. Canon R5 na R6 wamesaidia hapa: alama ya H+ ikiwa ya kijani, kasi kamili ipo, ikiwa si ya kijani, kuna kitu kinaishusha, na mara nyingi ni betri ya zamani ya LP-E6N mahali palipotakiwa LP-E6NH. Nikon D850 nayo inaonyesha jinsi umeme ulivyo na nguvu: peke yake ni picha 7 kwa sekunde, ukiifunga kishikio cha MB-D18 chenye betri kubwa ya EN-EL18 inakuwa 9. Kamera ni ileile.

Kama unapiga pia ukumbini, angalia kama umeacha kimewashwa kile kinachozuia mmeko wa taa. Umeme wetu ni wa 50 Hz, kwa hiyo taa nyingi humeka mara 100 kwa sekunde, na kamera ikiwa imewashiwa kizuizi hicho husubiri kilele cha mwanga ndipo ifungue shata. Kwa mpira wa kikapu ndani ya ukumbi kinafaa sana. Ukitoka nje kizime.

Tazama pia RAW yako (faili ghafi ya picha) imewekwaje. Nikon D7200 hupiga 6 kwa sekunde, lakini ukiiweka RAW ya biti 14 inashuka 5. Sony a9 ikiwekewa RAW isiyobanwa inashuka kutoka 20 hadi 12. Na kama juma lililopita ulikuwa Sipi unapiga maporomoko kwa miguu mitatu, hakikisha hukuacha kioo kimefungwa juu au kucheleweshwa kwa shata.

Inaanza vizuri kisha inakatika

Hapa ni hesabu ya jerikeni na mpira wa maji. RAW moja ya 7D Mark II ina kama megabaiti 24. Mara 10 kwa sekunde, ni megabaiti 240 kila sekunde zinazomiminwa kwenye bafa. Kadi ya SD ya aina ya UHS-I, hata iwe nzuri namna gani, njia yake ndani ya kamera hii haipiti megabaiti 104 kwa sekunde, na kuandika kwa kweli ni chini ya hapo. Ikiandika 75, basi bafa ikishajaa unapata kama picha tatu kwa sekunde, ambacho ndicho kikohozi unachokisikia. Bafa ya kamera hii inabeba RAW 31 ukiwa na kadi ya CF (CompactFlash) ya kasi. Ni sekunde tatu na kitu. Ukianza kubonyeza ndege anapofikiria, atakapoamua utakuwa umeishiwa.

Namba kubwa iliyochapwa mbele ya kadi kwa kawaida ni kasi ya kusoma. Unachokitaka ni kuandika. Tafuta V ndogo: V30 inaahidi megabaiti 30 kwa sekunde bila kushuka, V60 inaahidi 60, V90 inaahidi 90. Na kadi ya UHS-II, ile yenye safu mbili za meno ya dhahabu nyuma, haitakuongezea kitu kwenye kamera ya UHS-I. Itaenda kwa kasi ya kamera.

Niliwahi kununua kadi katikati ya Kampala, duka sitalitaja, imeandikwa 170 kwa herufi za kung'aa. Nilipoijaribu kwenye kompyuta iliandika megabaiti 12 kwa sekunde. Tangu siku hiyo kila kadi mpya naipitisha kwanza kwenye programu ya H2testw, na wenye Linux au Mac wanayo F3. Zote ni za bure. Zinaijaza kadi yote na kuisoma tena, kwa hiyo zinakuambia kasi yake na pia kama ukubwa ulioandikwa ni wa kweli. Jaribu siku moja kabla ya safari, wala si kwenye kivuko cha Nakiwogo, Entebbe, wageni wakiwa wamesimama.

Kosa lingine linalojificha ni kuandika kwenye kadi mbili kwa wakati mmoja. Ukiweka nakala kwenye matundu yote mawili, kamera nzima inakwenda kwa mwendo wa kadi iliyo pole. Jumamosi harusini naandika kote, kwa sababu harusi ya mtu hairudiwi. Mabamba naandika CF peke yake. Kadi ndogo ya simu iliyovikwa kava la SD itoe kabisa. Fomati ndani ya kamera badala ya kufuta picha mojamoja. Na zima masahihisho ya ndani ya kamera kama vile kunyoosha upindaji wa lenzi na kusafisha chengachenga kwa nguvu. Yanaila bafa, na kama unapiga RAW utayafanya nyumbani kwa utulivu.

Isiyo na mpigo

Nimefika kwenye ninachokipenda, kwa sababu hapa lenzi ndefu ina tabia yake na ukiijua mnaelewana.

Kamera inaulizwa swali moja kabla ya kila picha: nipige sasa hata kama fokasi haijakaa, au nisubiri? Jibu liko kwenye menyu. Nikon wana orodha ya kipaumbele ya AF-C (fokasi inayomfuata ndege anayesogea), kati ya shata na fokasi. Sony wana hiyohiyo yenye chaguo la katikati. Canon wanaigawa: kipaumbele cha picha ya kwanza ya AI Servo (jina lao la AF-C), na kipaumbele cha zinazofuata. Ikiwa umeweka fokasi mbele, kila unyasi unaopita mbele ya ndege unasimamisha mfululizo. Mimi naweka picha ya kwanza upande wa fokasi, ili nianze na ukali, na zinazofuata upande wa kasi. Kati ya picha 20 nitatupa 6 zilizolegea. Nazitupa kwa moyo mkunjufu.

Hakikisha pia uko kwenye AI Servo au AF-C kweli. Ukiwa One Shot, fokasi inakamatwa mara moja na kubaki hapo, ndege akisogea umekwisha.

Kisha swichi ya umbali iliyo ubavuni mwa lenzi. Lenzi nyingi za 150-600 zina nafasi tatu: umbali wote, mita 10 hadi upeo, na karibu mpaka mita 10. Canon 100-400 ya pili ina mita 3 hadi upeo, Nikon 200-500 ina mita 6 hadi upeo. Ikiwa umeiacha kwenye umbali wote, lenzi ikipoteza ndege inasafiri kutoka mwisho hadi mwisho kumtafuta, na safari hiyo kwenye lenzi nzito ni sekunde nzima au zaidi. Wakati huo wote mfululizo uko kimya. Kwenye mtumbwi Mabamba ndege yuko mita 20, 30. Peleka swichi mita 10 hadi upeo uisahau hapo. Jambo moja hili lilinirudishia karibu picha mbili kwa sekunde.

Chagua nukta moja ya fokasi, au moja na jirani zake, badala ya kuiachia kamera nukta zote 65. Ikiachiwa zote huchagua kilicho karibu, na kilicho karibu Mabamba ni bua la funjo linaloyumba. Nukta ya katikati ndiyo yenye nguvu zaidi kwenye giza. Weka kwenye mpaka kati ya mdomo na shingo, penye rangi nzito na rangi hafifu zinapokutana. Ukiiweka kifuani kwenye kijivu kitupu, kamera haina cha kushika.

Wengine hupenda kukamata fokasi kwa kitufe cha nyuma kisha kukiachia, ili shata ipige tu bila kuuliza. Mfululizo unakuwa laini kama cherehani. Lakini kumbuka kwa mita 30, lenzi ya 600 kwenye f/6.3 ina kina cha ukali kisichofika mita moja. Korongo-nyangumi akijitupa kwa ubavu utampata. Akijitupa kuelekea kwako anatoka nje ya ukali. Mimi nakitumia akiwa ameonyesha ubavu tu.

Kizuia mtikisiko kinastahili kipimo chake. Nikon wenyewe wanaeleza kwamba hali ya SPORT ya VR inatoa kasi ya mfululizo na mwitiko wa shata unaokaribia ule wa VR iliyozimwa, maana yake hali ya NORMAL inaweza kugharimu. Mteja wangu mmoja aliyekuwa na lenzi ya namna hiyo tulimsogezea swichi tu, tukiwa kwenye mfereji wa Kazinga, visharifu wakipiga mbizi kila upande, akageuka kunitazama kana kwamba nimembadilishia kamera. Kwa shata 1/2000 unaweza hata kukizima chote, ingawa kwenye mtumbwi unaoyumba mimi nakiacha, kwa sababu kinanisaidia kumweka ndege ndani ya fremu.

Telekonvata (kipande cha kurefusha lenzi) ya 1.4 kwenye lenzi ya f/6.3 inakupeleka f/9. Kamera nyingi zenye kioo zinaishia f/8 kwa fokasi, na hapo ni nukta chache tu. Itatangatanga, haitapiga. Itoe, piga kwa 600, kata picha nyumbani.

Joto nalo lina neno. Saa saba mchana juu ya maji hewa inachezacheza, na fokasi inafuata hewa badala ya ndege. Hakuna swichi ya kutibu hilo. Sogea karibu, au rudi saa kumi jioni.

Baada ya yote hayo ndipo nageukia lenzi yenyewe. Itoe uangalie zile nukta za dhahabu zinazogusana na kamera. Barabara zetu zina vumbi jekundu, ziwa lina unyevu, na vikikutana vinafanya utando. Zifute kwa kitambaa kikavu kisichotoa nyuzi, na kama utando umeng'ang'ania, tone la alkoholi kwenye kitambaa, kamwe si kwenye lenzi. Kisha ishike lenzi imefungwa uitikise taratibu. Ikicheza kwenye shingo, mawasiliano yanakatika kila kioo kinaporuka.

Lenzi za kampuni nyingine zina programu ya ndani inayohitaji kusasishwa. Sigma wana kifaa kiitwacho USB Dock, Tamron wana TAP-in Console, vya kuunganisha baadhi ya lenzi zao na kompyuta. Cha Sigma kinakuwezesha pia kuchagua fokasi ya kasi zaidi kwenye baadhi ya lenzi. Na kuna mipaka isiyotibika, afadhali uijue mapema kabla hujalipa: Sony a9 inapiga 20 kwa sekunde na lenzi za Sony, lakini ikiwa na lenzi za kampuni nyingine inaishia 15. Mwenye lenzi hiyo akipima akapata 15, kamera yake ni nzima.

Ikiwa umepita yote na kipimo cha fokasi ya mkono bado kinatoa 10 huku cha fokasi ya kujiendesha kikitoa 3 au 4, mchana peupe, nukta moja, swichi ya umbali imewekwa sawa, hapo ipeleke lenzi kwa fundi. Usimwambie tu kwamba iko pole. Mpelekee picha za saa ya simu za vipimo vyote, kadi uliyotumia, na kamera uliyofungia. Mwombe aijaribu kwenye kamera nyingine ya aina ileile mbele yako. Ikipiga vizuri huko, lenzi yako ni nzima, na kinachohitaji kufunguliwa ni kamera.